Rubani Aliyeandika Hana Mume

"Nimepata zote mbili."

Upande wa pili wa simu printa ilikuwa inanguruma. Katunge alingoja. Alikuwa amesimama nje ya hanga pale uwanja wa ndege wa Wilson, sare bado i mwilini, jasho la Lodwar halijamkauka mgongoni. Kwa miaka minne alikuwa ameyaandikia mashirika makubwa ya ndege akijibiwa kwa ukimya. Leo, Jumatatu moja tu, zilikuwa zimeingia barua mbili.

"Walu, umeniskia? Nimepata Kipanga, na nimepata Rimal pia."

"Nimeskia."

"Sasa?"

"Hongera, kapteni."

"Ni hayo tu?"

"Kuna watu wengi kwa laini hapa. Tutaongea."

Simu ikakatika. Katunge akaitazama kana kwamba kosa ni la simu.

Walubengo ndiye mwanamume wake. Ana cyber Kawangware, kando ya barabara ya Naivasha, chumba kimoja chenye kompyuta nne, printa mbili na benchi la kungojea. Watu humletea vitambulisho vya kuskani, fomu za serikali za kujaza, na zaidi ya yote vijitabu vya mazishi, vile vyenye picha ya marehemu mbele na wasifu wake ndani. Walubengo huyu, mwaka jana Katunge alipopita mtihani mdogo tu wa leseni, alifunga duka saa nne asubuhi akapanda boda mpaka Wilson kumkumbatia mbele ya makapteni. Leo mambo yamekuwa makubwa kweli, na mtu anasema ana watu kwa laini.

Kipanga Air ni shirika la hapa nyumbani. Ndege zake ni za propela, abiria sabini, Kisumu asubuhi, Lodwar mchana, Mombasa jioni, na rubani hulala kwake. Rimal Airways ni la Ghuba. Lina jeti mpya zinazofika miji ambayo Katunge ameiona kwenye ramani pekee, mkataba wa miaka mitatu, makao huko huko, likizo mara moja kwa mwaka. Yote mawili yalitaka jibu kufikia Ijumaa saa sita mchana. Mshika mbili moja humponyoka, na Katunge alikuwa na siku nne za kuamua ni ipi imponyoke.

Hakuwa mtoto wa tajiri. Alizaliwa Silanga, Kibera, mahali ndege za Wilson hupita chini hadi unaweza kusoma maandishi tumboni mwao. Baba yake, mzee Nzuki, aliosha ndege kwa kampuni moja miaka ishirini na miwili. Siku ya kustaafu walitaka kumpa saa ya ukutani. Akawaambia saa anayo, wamsomeshee binti yake urubani. Watu wakacheka, halafu wakaona hachezi, halafu wakamsomesha. Sasa mzee yuko kwao Kitui, na Katunge, rubani msaidizi wa ndege ndogo ya injini moja, amepanga chumba Kianda, humo humo Kibera, upande ule wa Olympic. Alikuwa na saa elfu moja mia tisa hewani, na hakuwa na mtu wa kumwambia habari yake akafurahi naye.

Tusikimbie. Kulikuwa na mbuzi.

Mwezi wa Agosti Walubengo alienda Kitui na mjomba wake Murunga, wakipeleka mbuzi watatu. Sikilizeni vizuri hapo, maana hadithi yote imekalia mbuzi hao. Wakamba, watu wa kwao Katunge, huwaita ntheo. Wakishapokelewa, na mmoja akachinjwa akaliwa, basi, msichana ni mke wa mtu. Harusi ya kanisani ni mapambo. Lakini Walubengo ni Mbukusu, na kwao mambo hayajaanza mpaka ng'ombe waonekane. Mjomba Murunga alikula nyama akashiba, akafuta midomo, akamnong'oneza mpwa wake kwamba hii imekuwa ziara nzuri ya kufahamiana, sasa wapange safari yenyewe. Mnong'ono wa Murunga husikika boma la tatu. Mzee Nzuki akacheka, akasimama na bakora yake, akamwambia Walubengo mbele ya watu wote:

"Za ng'ombe mtapanga mkitaka. Lakini mimi hapa sina binti wa kuozesha tena. Huyu ameenda. Ni mke wako kuanzia leo."

Walubengo akalia. Mwanamume mzima, mabega kama mlango, akalia mbele ya wakwe. Tangu siku hiyo alikuwa akimwita Katunge "mke wangu" kila mahali, hata kwa wateja ambao hawakuwa wameuliza. Aliita hivyo Septemba yote. Kisha, wiki tatu kabla ya Jumatatu hii, akaacha. Hakugomba wala hakununa. Aliacha tu, kama bomba linavyokauka, na Katunge hakujua kwa nini.

Jumanne akamwandikia.

"Uko?"

"Niko."

"Unaonaje kuhusu hizi kazi?"

"Wewe ndio rubani. Chagua."

"Nataka kuskia kutoka kwako Walu."

Alama mbili za buluu zikaonyesha ujumbe umesomwa. Jibu halikuja asubuhi hiyo, wala mchana, wala siku nzima.

Kuna upweke wa kukosa watu, na kuna upweke wa kuzungukwa na watu wasiojua kinachokuuma. Wa pili ndio ulimkamata Katunge. Majirani wa plot walikuwa wameshasikia. Mama wa chumba cha kwanza alimletea mandazi ya pongezi, watoto wakamwita rubani wa majuu, mwenye duka la pembeni akasema Kianda sasa imefika. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Kisha akaingia ndani, akapasha githeri ya mtu mmoja, akala akiwa amesimama, maana meza ilikuwa ya watu wawili na hakutaka kuiona.

Jumatano alimpigia baba yake. Mzee alifurahi mpaka akaanza kukohoa. Aliuliza ndege ni za aina gani, injini ni za nani, huwa zinaoshwa kila baada ya siku ngapi. Katunge akamwomba ushauri, aende ama abaki.

"Mume wako anasemaje?"

"Anasema nichague."

"Basi rudi umuulize tena. Mtu aliyetolewa ntheo hashauriani na baba kwanza. Mimi nitajua wa pili."

"Baba, mimi nakuuliza wewe."

"Na mimi nimekujibu, Katunge."

Lile neno mume lilimchoma mahali. Nanyi ni vyema mjue ni mahali gani, ili msije mkamhurumia zaidi ya anavyostahili.

Mchana huo alikula na Yvonne, rubani mwenzake, kwenye kibanda cha chakula nje ya geti la Wilson. Yvonne alisema lile ambalo rafiki yeyote angesema: mwanamume akinyamaza wiki tatu ana mtu. Akamwambia asifanye ujinga wa kuacha jeti kwa sababu ya mwenye cyber. Halafu, akiwa anakausha mchuzi kwa chapati, akasema neno la kupita tu, kwamba heri Katunge alisikia ushauri wake akaandika hana mume, maana Rimal huwachukua haraka walio peke yao. Hao hulala wawili wawili kwenye nyumba za wafanyakazi, na faili lao ni jepesi. Wenye waume na wake hutafutiwa nyumba na viza ya mwenzao, na hilo huchukua miezi.

Ndiyo. Aliandika hana mume. Mwezi wa Oktoba, kwenye fomu ya Rimal, palipoulizwa kuhusu ndoa aliweka alama kwenye "sijaolewa". Na ukurasa uliofuata, palipotakiwa maelezo kwa mkono wake mwenyewe, aliandika kwa kalamu ya wino wa buluu kwamba yeye, Katunge Nzuki, anathibitisha hana mume wala mtu yeyote anayemtegemea. Alijiambia si uongo, hawana cheti. Akajiambia ni karatasi tu. Akajiambia atamweleza Walubengo akishapata kazi, wacheke pamoja. Mtu akijiambia mambo matatu kuhusu jambo moja, ujue hata yeye hajajiamini.

Chapati ya Yvonne ikaendelea kukausha mchuzi, na Katunge akaacha kula. Makaratasi yale yalikuwa arobaini na mbili, pamoja na leseni, cheti cha daktari na kurasa za kitabu chake cha saa za kuruka. Nani alimprintia? Nani alimskania alipomaliza kutia sahihi, kama si Walubengo?

Alhamisi alasiri alishuka boda mbele ya cyber ya Kawangware. Benchi lilikuwa tupu. Walubengo alikuwa amekaa nyuma ya meza, anapanga kurasa za kijitabu cha mazishi. Alinyanyua macho, akarudisha.

"Karibu."

"Karibu? Mimi ni mteja?"

"Keti basi."

Hakuketi. Njia nzima alikuwa amepanga kuingia na msamaha mdomoni, lakini lile "karibu" lilimtia hasira, na hasira ikatangulia.

"Nikuulize kitu na uniambie ukweli. Kuna mwanamke mwingine?"

Walubengo akacheka kicheko kikavu, kisichofika machoni.

"Ukurasa wa kumi na saba," akasema.

Katunge akaitazama printa.

"Unajua mimi husoma kila kitu naprint ama naskani. Unajua kwa nini. Ile mwaka niliprint kijitabu kikasema marehemu ameacha wake wawili, kumbe alikuwa na mmoja, na watu wakapigana kaburini. Tangu hiyo siku nasoma. Sasa ya mke wangu ningeacha kusoma? Nilisoma hadi cheti chako cha macho. Nilikuwa na raha. Nikafika kumi na saba nikasema, aki huyu amekosea, ameweka alama kwa sanduku si lake. Nikashika simu nikupigie turekebishe kabla hujatuma."

"Walu."

"Halafu nikageuza karatasi. Nikakuta umeandika na mkono. Na huo mwandiko naujua."

Printa ilikuwa imenyamaza. Nje mtu wa mahindi choma alikuwa anapepea jiko lake.

"Yvonne aliniambia wenye hawajaolewa wanachukuliwa haraka," Katunge akasema. "Nilitaka kukuambia baadaye."

"Baadaye lini?"

"Nikipata. Na pia, hatuna cheti. Hata mjomba wako mwenyewe alisema ile ilikuwa ziara. Kwenu si mtu hajaoa mpaka ng'ombe iende?"

Alilijua kosa lake neno likiwa bado liko njiani. Walubengo aliweka chini kurasa za marehemu polepole, akazilainisha kwa kiganja.

"Kwetu," akasema. "Mimi nilifuata kwenu, Katunge. Nilijifunza hadi kuita zile mbuzi jina lake. Mjomba yangu alinicheka njia yote ya kurudi, ati nimeozwa na nyama choma, nikamwambia kwao ndio hivyo, mimi nimeoa. Mimi nikakuja kwenu, na wewe ukaenda kujificha kwetu."

Hapo Katunge aliketi.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza. "Wiki tatu umeniacha peke yangu. Nilikuwa nafikiri umenichoka. Nilikuwa nakula nikiwa nimesimama, Walu."

"Nilikuwa nakungoja useme. Kila asubuhi nilisema, leo atasema. Ulikuwa unaniandikia, umekula, umefika, kumenyesha huko. Ile moja hukuandika."

"Pole."

"Sawa."

"Unataka niache Rimal?"

"Sitaki uache kitu. Hiyo ndio ndoto yako, tangu Silanga. Enda. Enda tu vile uliandika, na nitamwambia mzee Nzuki mimi mwenyewe. Atajua sio wewe ulikataa."

Alisema bila ukali, na hiyo ndiyo iliyomvunja. Mtu akikukemea unaweza kumkemea. Huyu alikuwa anampa ruhusa, na anabeba lawama juu. Mteja akaingia akitaka nakala mbili za kitambulisho, Walubengo akainuka kumhudumia, na Katunge akatoka.

Alitembea kwa miguu mpaka Dagoretti Corner, akakataa boda watano, akaendelea na barabara ya Ngong akilia bila kujificha. Nairobi ina wema mmoja, ukilia barabarani hakuna anayekuuliza.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi aliketi kwenye ile meza ya watu wawili. Hakukuwa na wa kumuuliza tena. Baba alishajibu, Yvonne alishajibu, na mwenye jibu lenyewe alikuwa amemrudishia swali. Alitaka Rimal. Tusimsingizie utakatifu. Aliitaka jeti ile kwa mwili mzima, aliitaka tangu alipokuwa akimpelekea baba yake chakula hangani na kuona marubani wa mbali wakishuka na mabegi yao ya magurudumu. Angeweza kunyamaza tu, atie sahihi, asafiri Januari. Hakuna sheria ambayo ingemkamata.

Akafungua simu akawaandikia Rimal. Aliandika kwamba katika fomu yake ya Oktoba alisema hana mume, na hilo halikuwa kweli. Ameolewa kwa mila tangu Agosti, jina la mume wake ni Walubengo, nambari yake ya simu ni hii. Anaomba radhi kwa kuwadanganya, na bado anaitaka kazi. Alisoma mara moja, akatuma, kisha akavaa sare yake.

Hakumtumia Walubengo ujumbe. Kuna mambo ambayo mtu husema akiwa anaonekana. Saa nne kasoro alikuwa Kawangware tena, na safari hii benchi lilikuwa limejaa. Mbele ya foleni alikuwa mama mmoja wa makamo, Magdaline, aliyekuja kuchukua vijitabu vya mazishi ya shemeji yake na alikuwa na haraka ya kuvitafutia kasoro.

"Nina kitu nataka kukuambia," Katunge akasema kutoka mlangoni.

"Ngoja nimalize na mama."

"Haitachukua muda."

"Katunge, tafadhali. Ngoja."

Akangoja, amesimama, watu wakimwangalia na sare yake. Magdaline alikuwa kwenye ukurasa wa tatu, akidai marehemu alipenda kuimba na hapa hawakusema, simu ya Walubengo ilipolia. Nambari ilikuwa ndefu, ya nje. Simu hiyo kipaza cha sikioni kilikufa Juni, kila mtu anayempigia husikika duka zima, na hivyo ndivyo cyber nzima ilivyomsikia mwanamke mwenye Kiingereza cha taratibu akijitambulisha kuwa ni wa Rimal Airways, ofisi ya kuajiri. Aliuliza kama anaongea na Bwana Walubengo.

"Ndiye mimi."

Mwanamke akaeleza kwamba asubuhi wamepokea barua kutoka kwa Bi Katunge Nzuki. Ameandika kwamba fomu yake haikuwa ya kweli, kwamba ameolewa, na mume ametajwa kuwa ni yeye.

Walubengo akageuka polepole akamtazama Katunge. Katunge hakutikisika.

"Nataka kuthibitisha kabla sijafanya lolote," sauti ikaendelea. "Kama ni kweli, faili lake linaanza upya, na kozi ya Januari itamwacha. Ya kozi nyingine siwezi kuahidi. Kama kuna kutoelewana, kama barua hii imeandikwa kwa sababu za kifamilia, naweza kuiweka kando, na atasafiri tarehe tano kama tulivyopanga. Kwa hiyo nakuuliza wewe, bwana. Je, wewe ni mume wake?"

Hakuna aliyekohoa kwenye benchi. Hata Magdaline alifunga kijitabu cha shemeji yake.

Katunge alikuwa bado anamtazama Walubengo. Alimjua mtu huyu. Aliona kinachopita usoni pake kama anavyoona hali ya hewa mbele ya kioo cha ndege, na kilichokuwa kinapita ni neno hapana. Hakuwa nalo kwa kinyongo. Alitaka kumpa ile jeti. Angesema hapana, mimi simjui hivyo, kuna kutoelewana, na angerudi kwa vijitabu vyake akiwa amemfanyia wema mkubwa kuliko wote, na wasingeonana tena. Midomo ilishaanza kufunguka.

"Usinifanyie vile nilikufanyia," Katunge akasema.

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeomba maji.

Walubengo akafumba macho, akayafumbua.

"Ndiyo," akaiambia simu. "Mimi ndiye mume wake. Tangu Agosti."

"Una uhakika, bwana? Unaelewa maana yake kwa kazi yake?"

"Naelewa. Ni mke wangu."

Mwanamke wa Rimal akashukuru kwa ukweli, akasema anasikitika na anawatakia heri. Simu ikazima taa. Katunge akaegemea fremu ya mlango na kulia, na msidhani alilia kwa furaha. Alilia kazi yake. Alilia miji ile ya kwenye ramani, na begi la magurudumu, na msichana wa Silanga aliyeahidiwa hayo yote. Furaha kama ilikuwepo ilikuwa nyuma kabisa ya foleni.

"Mimi nimekuja na matanga yangu," Magdaline akasema, akijifuta jicho kwa ncha ya leso, "na ninyi mnalilia hapa mkiwa wazima. Kijana, enda kwa huyo mtoto. Mimi nitangoja. Marehemu hana haraka."

Walubengo akazunguka meza. Hakumkumbatia. Alisimama karibu naye tu, mabega yao yakigusana, hajui mikono aiweke wapi, mpaka Katunge akaushika mkono wake mmoja akaukalisha begani kwake.

"Saa ngapi?" akauliza kwa pua iliyoziba.

"Saa nne na nusu."

"Kipanga wanataka jibu saa sita."

"Unaitaka?"

"Si ile nilitaka. Lakini naitaka."

Wakaijaza fomu ya Kipanga ya kukubali kazi pale pale kwenye kompyuta ya mwisho, foleni ikinyoosha shingo. Ilipofika sehemu ya ndoa, Katunge hakumtazama mtu. Aliandika ameolewa, akaendelea na jina la shule ya msingi. Saa tano na dakika kumi jibu lilikuwa limeenda, na kabla ya saa sita Kipanga walikuwa wameshamtumia tarehe ya kuripoti. Alimpigia baba yake akamwambia yote, hata la fomu, akiwa amesimama uani nyuma ya duka. Mzee Nzuki akasema mbuzi wanataka heshima, na kosa ni la Katunge, kwa hiyo Krismasi atamleta mmoja Kitui yeye mwenyewe, kwa mkono wake, amwombe mume wake radhi mbele ya watu wale wale. Katunge akasema hajawahi kusikia mwanamke akipeleka mbuzi kwao. Mzee akamwambia hata yeye hajawahi kusikia mwanamke akiandika vile.

Saa saba duka lilipungua watu. Walubengo alikuwa amemletea chai na mayai mawili ya kuchemsha, na Katunge alikuwa anayamenya bila kula.

"Nilitaka kusema hapana," Walubengo akasema.

"Najua. Nilikuona."

"Ungeenda."

"Ningeenda."

"Ungerudi?"

Hapa Katunge angeweza kumpa jibu tamu. Alikuwa nalo mdomoni, na mwanamume mwenyewe alikuwa amelistahili. Lakini alikuwa amechoka na majibu ya kumaliza haja. Alimtazama, akatafuta ndani yake kweli kweli, akaona miaka mitatu, nyumba ya wafanyakazi, simu za jioni zinazozidi kuwa fupi.

"Sijui, Walu," akasema. "Ukweli wa Mungu, sijui."

Alidhani Walubengo ataumia. Lakini aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Sawa," akasema. "Hilo umeniambia."

Akaenda akafunga mlango wa duka mchana kweupe, wateja wawili wakinung'unika nje, akavuta kiti kingine akaketi karibu naye. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba waliongea mpaka chai ikapoa.